Nzi wa embe aliyepewa jina mwaka 2005 na kufutiwa mwaka 2015: ni spishi moja au mbili?

#1 Mwembe Dodo (Mkuranga)

Heshima kwenu wanajukwaa.

Niliposoma cheti cha kilimo, nzi anayetuharibia maembe aliandikwa katika madaftari yetu kuwa ni *Bactrocera invadens*. Tulifundishwa kwamba ni spishi mpya, iliyotambuliwa Afrika Mashariki na kuelezwa rasmi mwaka 2005. Sasa machapisho yote mapya ninayoyapata yanamwita *Bactrocera dorsalis*, na lile jina la kwanza limebaki kwenye mabano au halipo kabisa. Nimewauliza maofisa ugani zaidi ya mmoja, na kila mmoja ananipa jibu lake.

Msimamo wangu ni kwamba jina lililotolewa kisayansi, likaingizwa katika orodha za karantini na katika mitaala ya vyuo, halipaswi kuondolewa ndani ya miaka kumi bila sababu nzito, na sababu hiyo haijawahi kuelezwa kwa Kiswahili mahali popote ninapopafahamu. Je, walikuwa nzi wawili wakaunganishwa, au alikuwa mmoja tangu mwanzo akapewa majina mawili? Na je, kuna chochote kinachobadilika shambani?

#2 Mwanafunzi wa Wadudu (Morogoro)

Uzi huu ulihitajika. Naomba niweke historia kwanza ili tusichanganye miaka.

Nzi huyu aligunduliwa Kenya mwaka 2003 na watafiti wa ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi, na mwaka huohuo akaonekana Tanzania. Wakati ule hakuwa na jina. Watafiti waliandika tu kwamba ni mgeni kutoka kundi la *Bactrocera dorsalis*, ambalo ni kundi la spishi nyingi za Asia zinazofanana mno kwa sura. Mwaka 1994 Drew na Hancock walikwisha kulichambua kundi hilo na kueleza spishi mpya 40 ndani yake, kwa hiyo mtu aliyepata nzi asiyelingana sawasawa na maelezo yaliyokuwapo alikuwa na kila sababu ya kudhani amepata nyingine. Vielelezo vya Afrika vililinganishwa na vya Sri Lanka vikaonekana kuwa kitu kimoja, ndipo mwaka 2005 Drew, Tsuruta na White wakachapisha jina *invadens* katika jarida la African Entomology, kwa maana ya mvamizi.

Kwa hiyo jina hilo halikutolewa kiholela. Lilitokana na vielelezo vilivyopimwa na kulinganishwa.

#3 Msafirishaji (Dar es Salaam)

Mkuu wa #1, mimi ninaamini sababu ni biashara.

Jina *invadens* lilipotoka, nzi huyu alionekana duniani kuwa tatizo jipya la Afrika lisilo na tiba iliyothibitishwa. Mwaka 2007 Afrika Kusini ilizuia avokado za Kenya kwa sababu yake, na Marekani nayo mwaka 2008 ikatoa amri iliyolenga matunda yanayoweza kumbeba. Kwa upande mwingine, *dorsalis* ni nzi ambaye Asia imeishi naye kwa muda mrefu, na nchi kama Ufilipino na Thailand huuza maembe Japani baada ya kuyapitisha katika mvuke wa moto kwa viwango vilivyokubaliwa. Ukisema kwamba nzi wa Afrika ndiye yuleyule wa Asia, unaruhusu utafiti wote wa Asia utumike kwetu, badala ya kuanza upya majaribio ya miaka mingi kwa kila tunda na kwa kila soko. Watu wenye fedha waliliona hilo.

#4 Kanuni na Majina (Dodoma)

Msafirishaji, hoja yako inaeleza kwa nini watu walitaka jibu, lakini haielezi kwa nini jibu likawa hilo.

Majina ya wanyama huongozwa na Kanuni ya Kimataifa ya majina ya wanyama, na msingi wake ni utangulizi: majina mawili yakithibitika kuwa ni ya spishi moja, lililochapishwa mapema ndilo linalobaki. Hendel alimweleza nzi huyu kutoka Taiwan mwaka 1912 kwa jina *Dacus dorsalis*. Jina *invadens* ni la 2005. Mara tu unapokubali kwamba ni spishi moja, hakuna kura inayopigwa kuhusu jina lipi libaki.

Tazama pia jinsi linavyoandikwa: *Bactrocera dorsalis* (Hendel, 1912). Mabano hayo si pambo. Yanaonyesha kwamba Hendel alimweka nzi katika jenasi (kundi la spishi zenye undugu) nyingine, yaani *Dacus*, na baadaye akahamishwa. Hakuna mabano katika *Bactrocera invadens* Drew, Tsuruta & White, 2005, kwa sababu jenasi haikubadilika.

#5 Mtafiti wa Zamani (Nairobi)

Naongeza jambo juu ya #4, kwa sababu kuna wanaodai kwamba kanuni ya utangulizi haikufuatwa. Kuna jina la zamani zaidi ya *dorsalis*. Fabricius alimwita nzi huyu *Musca ferruginea* mwaka 1794, yaani miaka 118 kabla ya Hendel. Jina hilo halikubaliki kwa sababu Scopoli alikuwa amekwisha kulitumia *Musca ferruginea* kwa nzi mwingine mwaka 1763, na jina moja haliwezi kubeba wanyama wawili. Kwa hiyo *dorsalis* lilipata nafasi yake kwa kanuni hiyohiyo iliyoliondoa *invadens*.

#6 Ngowe na Apple (Makueni)

Mimi ni mkulima, na ninataka kuleta nilichokiona kwa macho.

Ninatega nzi kwa chambo cha metili eujenoli kila msimu. Nikimwaga mtego mmoja juu ya karatasi nyeupe, ninapata nzi wenye mgongo wa rangi ya kutu, wengine wa kahawia iliyokolea, na wengine karibu weusi, wote kutoka mti mmoja na wiki moja. Tumbo la wote lina alama nyeusi mfano wa herufi T, na pembeni mwa kifua wote wana michirizi miwili ya manjano. Kama rangi ya mgongo ndiyo iliyotumika kuwatenganisha *invadens* na *dorsalis*, basi shambani kwangu wamo wote wawili, na sidhani kama hilo linawezekana.

Nimeona jambo jingine pia. Wale nzi wetu wa zamani wa embe, wenye rangi ya manjano na mabawa yenye mistari, hawapo kabisa katika mitego yangu. Nadhani mgeni amewamaliza, na kama amewamaliza kwa kiasi hicho, huenda kweli ana nguvu ambazo *dorsalis* wa Asia hana.

#7 Mwanafunzi wa Wadudu (Morogoro)

Mkulima wa #6, ulichokieleza kuhusu rangi ndicho hasa kilichowasumbua wataalamu. Maelezo ya mwaka 2005 yenyewe yalikiri kwamba rangi ya mgongo wa *invadens* hubadilika sana. Vielelezo vilipokusanywa kwa wingi zaidi, ikaonekana kwamba mabadiliko hayo ni mfululizo, kutoka wekundu wa kutu hadi weusi, na hakuna mahali unapoweza kukata na kusema hapa inaishia spishi moja na inaanza nyingine.

Lakini hoja yako ya pili naomba niisahihishe. Metili eujenoli huvuta madume wa kundi la *dorsalis*. Haimvuti nzi wa asili wa embe, *Ceratitis cosyra*, ambaye huvutwa kwa terpinili asetati, wala haimvuti *Ceratitis rosa* au *Ceratitis capitata*, ambao hutegwa kwa trimedluri. Kwa hiyo kutowaona katika mtego wako hakuthibitishi kwamba wamekwisha. Ungetega hata kabla ya 2003 kwa chambo hicho usingewapata.

#8 Mtafiti wa Zamani (Nairobi)

Sahihisho la #7 ni la kweli kuhusu mitego, ila hitimisho la mkulima lina ushahidi kutoka njia nyingine. Nguruman, huku Kenya, kabla ya 2003, *C. cosyra* ndiye aliyekuwa akitawala maembe. Ekesi na wenzake walionyesha mwaka 2009 kwamba ndani ya miaka michache mgeni alikuwa amechukua nafasi yake, na hawakutegemea mitego pekee: walikusanya matunda, wakahesabu nzi waliotoka ndani yake, na wakapima ushindani wa mabuu ndani ya tunda pamoja na ukali wa majike wanapogombea mahali pa kutaga. Kwa hiyo Ngowe na Apple ameona jambo la kweli kupitia dirisha lisilo sahihi.

#9 Mwembe Dodo (Mkuranga)

Ninawashukuru. Sasa ninaelewa kanuni. Swali langu linabaki palepale: nani aliyethibitisha kwamba ni spishi moja, na kwa kipimo gani? Mtu aliyeeleza spishi 40 kwa wakati mmoja hawezi kuwa mgeni wa kazi hiyo. Kwa nini nimwamini anayempinga?

#10 Darubini (Arusha)

Nitajibu #9 kwa urefu kidogo kwa sababu hapa ndipo penye uzito.

Shirika la Nishati ya Atomiki la Kimataifa pamoja na FAO waliratibu utafiti wa miaka kadhaa juu ya kundi hili. Sababu yao ilikuwa ya vitendo: mbinu ya kuachilia madume tasa haiwezi kufanya kazi kama madume hao si wa spishi ileile na majike walioko shambani. Matokeo yalichapishwa katika Systematic Entomology mwaka 2015 na Schutze pamoja na wenzake, karibu watafiti 50 kutoka nchi 20. Walikusanya ushahidi wa aina nyingi, na ninaona ni vyema niutaje.

Wa kwanza ni kujamiiana. Nzi wa Kenya waliwekwa katika vizimba vikubwa pamoja na *dorsalis* wa Asia, wakachaguana bila ubaguzi wowote, na watoto waliozaliwa walikuwa wazima wenye uwezo wa kuzaa. Wa pili ni kemikali. Dume akila metili eujenoli huibadilisha mwilini kuwa manukato ya kumvutia jike, na bidhaa hizo zilikuwa zilezile kwa nzi wa Afrika na wa Asia. Wa tatu ni vinasaba, ambako hakukupatikana alama moja thabiti ya kuwatenga. Wa nne ni maumbo. Urefu wa kiungo cha uzazi cha dume na wa mrija wa jike wa kutagia, ambao ulitumika sana kutenganisha spishi za kundi hili, ulionekana kubadilika polepole kutoka kaskazini hadi kusini mwa rasi ya Thailand na Malaysia, bila mpaka.

Wakati huohuo, *Bactrocera carambolae*, aliyeelezwa katika kazi ileile ya 1994, alipimwa kwa vipimo hivyohivyo akabaki spishi kamili, kwa sababu yeye anaonyesha utengano wa kiasi katika kujamiiana na tofauti katika manukato. Hilo kwangu ndilo lenye nguvu kuliko yote, kwa kuwa kipimo ambacho kinaunganisha kila kitu hakina thamani, na hiki kiliunganisha baadhi kikaacha wengine.

#11 Mlinzi wa Vielelezo (Mombasa)

Darubini ameeleza vizuri upande mmoja. Upande wa pili una hoja, na si haki kuupita kimya.

Drew na Romig hawakuukubali uamuzi huo. Mwaka 2016 walichapisha kitabu cha funguo zao za utambuzi wa nzi wa matunda wa Kusini-Mashariki mwa Asia, na humo wakamrudisha *invadens* kama spishi inayojitegemea. Mwaka uliofuata kundi la Schutze likajibu, na lawama yao kubwa ilikuwa kwamba mabadiliko hayo yalifanywa ndani ya kitabu bila kupitiwa na wataalamu wenzao.

Binafsi ninaona kuna udhaifu katika ushahidi wa vizimba. Nzi walioko katika kizimba wametoka katika makoloni ya maabara, na nzi wa maabara waliokaa vizazi vingi huweza kupoteza ubaguzi walio nao porini. Pia spishi mbili zinaweza kuzaana zinapolazimishwa na bado zikaendelea kutengana kimaumbile kwa maelfu ya miaka kwa sababu haziishi mahali pamoja. Mtu aliyeshika vielelezo mkononi kwa miaka mingi huona mambo ambayo jedwali la vinasaba haliyaoni. Sisemi kwamba *invadens* ni halali. Ninasema kwamba idadi ya watia saini 50 si hoja ya kisayansi.

#12 Darubini (Arusha)

Idadi ya watia saini si hoja, nakubali kabisa. Kuhusu vizimba: kama ubaguzi ungekuwa umepotea maabara, ungepotea pia kwa *carambolae*, aliyekuwa katika vizimba vya namna hiyohiyo. Haukupotea. Na hata ukiviweka vizimba kando, bado unalazimika kueleza manukato, vinasaba na maumbo.

#13 Mlinzi wa Vielelezo (Mombasa)

Jibu lako kuhusu *carambolae* ni zuri. Kuhusu vinasaba, kumbuka kwamba spishi zilizotengana karibuni mno huwa hazina alama thabiti, kwa hiyo kutokuwapo kwa alama hakuthibitishi umoja. Kunathibitisha tu kwamba utengano, kama upo, ni mchanga.

#14 Kanuni na Majina (Dodoma)

Ndugu zangu wa #12 na #13, mkiendelea hivi tutafika Taiwan kwa miguu tukamuulize Hendel. Naomba turejee kwenye swali la mleta uzi. Spishi ni dhana inayojaribiwa kwa ushahidi. Jina ni lebo inayofuata dhana hiyo. Kanuni ya majina haisemi spishi ni nini. Inasema tu lebo ipi itumike baada ya ninyi wataalamu kuamua. Ndiyo maana Drew na Schutze wanaweza kuifuata kanuni moja kwa uaminifu wote na bado wakafika kwenye majina tofauti.

#15 Nyanda za Juu (Lushoto)

Nimefuatilia tangu mwanzo, na ninashangaa kwamba hakuna aliyetaja kisa cha pili, ambacho ni cha nzi wa Afrika hasa, na kilikwenda kinyume kabisa.

*Ceratitis rosa* ni nzi wetu wa asili, aliyeelezwa na Karsch mwaka 1887. Kwa zaidi ya karne moja kila mtu alimhesabu kuwa mmoja, kuanzia pwani yenye joto hadi milimani. Ndipo uchunguzi wa vinasaba wa Virgilio na wenzake mwaka 2013, uliotumia alama ndogo zinazojirudia, ukaonyesha kwamba ndani ya kundi la *fasciventris*, *anonae* na *rosa* kuna makundi matano, si matatu, na kwamba *rosa* mwenyewe amegawanyika mara mbili. Yakaitwa R1 na R2, na watafiti wakazoea kuyaita *rosa* wa joto na *rosa* wa baridi.

Tofauti hiyo ilikuja kuonekana katika mambo mengine. Mguu wa kati wa dume una manyoya meusi yaliyopangwa kama unyoya wa ndege, na upana wa sehemu hiyo pamoja na namna manyoya yanavyofika ukingoni hutofautiana kati ya R1 na R2. Umbo la mabawa hutofautiana. Kasi ya kukua katika viwango mbalimbali vya joto hutofautiana. Mwinuko wanakopatikana pia hutofautiana, na hapa kazi iliyofanyika Tanzania ilikuwa na mchango mkubwa, kwa kuwa tulikuwa na mitego kuanzia chini Morogoro hadi juu ya milima ya Uluguru. Mwaka 2016 De Meyer, Mwatawala na Virgilio wakampa R2 jina lake: *Ceratitis quilicii*, kwa heshima ya mtafiti Serge Quilici aliyefanya kazi kisiwani Réunion. R1 akabaki na jina la Karsch.

Katika waliotoa jina hilo yumo Profesa Maulid Mwatawala wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Ninalitaja kwa fahari, kwa sababu tumezoea kuona nzi wetu wakipewa majina na watu walioletewa vielelezo katika chupa tu.

#16 Mwanafunzi wa Wadudu (Morogoro)

Nyanda za Juu umeuinua uzi. Naongeza kwamba majike wa *rosa* na *quilicii* ni vigumu sana kuwatenganisha kwa macho, kwa hiyo mtu anayekamata jike peke yake hana budi kutumia vinasaba au kuandika kwa tahadhari. Pia msimbo wa kawaida wa vinasaba, ule unaotumia kipande kimoja cha jeni ya mitokondria, haukuweza kulitenganisha kundi hili ipasavyo. Ilibidi zitumike alama nyingi. Hilo linampa nguvu Mlinzi wa Vielelezo katika #13: kipimo kimoja kutoona tofauti hakumaanishi kwamba tofauti haipo.

#17 Darubini (Arusha)

Ni kweli, lakini kwa *quilicii* ushahidi mwingine wote ulielekea upande mmoja: mguu, bawa, joto, mwinuko. Kwa *invadens* ushahidi mwingine wote ulielekea upande wa pili. Mimi nimeshikilia jambo hilohilo katika visa vyote viwili.

#18 Msafirishaji (Dar es Salaam)

Bado sijajibiwa kuhusu biashara. Ni sadfa kwamba nzi wa biashara kubwa aliunganishwa, huku nzi wa milimani akigawanywa?

#19 Mkaguzi wa Mimea (Mombasa)

Ninafanya kazi ya ukaguzi wa mazao, na ninajibu #18 kwa kutazama tarehe.

Kenya ilijisimamishia yenyewe usafirishaji wa maembe kwenda Umoja wa Ulaya mwaka 2014 kwa sababu ya nzi wa matunda, na soko hilo likafunguliwa tena mwaka 2021. Uunganishaji wa majina ulichapishwa katikati ya kipindi hicho. Kama lengo lingekuwa kufungua milango, mlango huo ulibaki umefungwa kwa miaka mingi baada ya jina kubadilika. Kilichoufungua ni maeneo yenye nzi wachache yanayosimamiwa, usafi wa mashamba na matibabu ya matunda kwa maji ya moto.

Hata hivyo Msafirishaji hajakosa kabisa. Katika kazi yangu jina lina nguvu ya sheria. Buu akikutwa ndani ya embe bandarini, huwezi kwa macho kusema ni *dorsalis* wa nchi gani, na mkaguzi wa upande wa pili anafungua orodha yake. Orodha ikiwa na *invadens* na *dorsalis* kama vitu viwili, nchi yenye *dorsalis* tayari inaweza kuzuia tunda lako kwa kisingizio cha *invadens*. Zikiunganishwa, kisingizio hicho kinakufa. Hiyo ni faida ya uamuzi, na haithibitishi kwamba ndiyo iliyouleta.

#20 Msafirishaji (Dar es Salaam)

Nimeupokea ufafanuzi. Nitaendelea kuamini kwamba fedha za utafiti huelekea palipo na soko, na swali ambalo halina soko husubiri. *Rosa* alisubiri tangu 1887.

#21 Shamba la Matango (Unguja)

Samahani kwa kuingia pembeni kidogo. Mimi nalima matango na matikiti, na nzi wangu nilimfahamu kama *Bactrocera cucurbitae*. Siku hizi ninasoma *Zeugodacus cucurbitae*. Naye ameunganishwa na mwingine?

#22 Kanuni na Majina (Dodoma)

Hapana, kisa chake ni tofauti. Spishi yake haijaguswa. Coquillett alimweleza mwaka 1899 kutoka Hawaii kama *Dacus cucurbitae*, na jina hilo la pili limebaki hadi leo. Kilichobadilika ni jenasi: mwaka 2015 *Zeugodacus*, ambayo ilikuwa jenasi ndogo ndani ya *Bactrocera*, ilipandishwa kuwa jenasi kamili baada ya vinasaba kuonyesha kwamba ukoo wake uko karibu zaidi na *Dacus* kuliko na *Bactrocera* waliobaki. Chambo chako, kyuluri, kinafanya kazi kama zamani.

#23 Ngowe na Apple (Makueni)

Mkaguzi wa #19, asante. Sasa nauliza swali la mkulima: jina lilipobadilika, kuna kilichobadilika katika kumdhibiti?

#24 Mtafiti wa Zamani (Nairobi)

Udhibiti ulilitangulia jina, na huo ni mfano ninaoupenda kuliko yote katika mjadala huu.

Mgeni alipofika, nyigu wetu wa asili wanaoshambulia mabuu ya *Ceratitis* walijaribu kutaga ndani ya mabuu yake, na mwili wa buu ukayazingira mayai hayo na kuyaua. Nzi alikuwa hana adui aliyezoeana naye. ICIPE wakamleta nyigu *Fopius arisanus* kutoka Hawaii mwaka 2006. Yeye hutaga ndani ya yai la nzi kabla halijaanguliwa, na kinga ya nzi inashindwa kumzuia. Hawaii walikuwa na sifa gani? Walivamiwa na *dorsalis* katika miaka ya 1940, na nyigu huyu ndiye aliyewasaidia kumpunguza.

Tazama mwaka wenyewe. Mwaka 2006 jina *invadens* lilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, na rasmi hawa walikuwa nzi wawili tofauti. Watafiti walichukua nyigu wa *dorsalis* wakamjaribu kwa *invadens*, na akashika. Walikuwa wanafanya kazi kwa kufuata undugu wa karibu wa nzi hao, karibu miaka kumi kabla ya wataalamu wa uainishaji kuwaunganisha.

#25 Mlinzi wa Vielelezo (Mombasa)

Nyigu kushika hakuthibitishi spishi moja. *Fopius arisanus* anashambulia spishi kadhaa za nzi wa matunda.

#26 Mtafiti wa Zamani (Nairobi)

Sikulileta kama uthibitisho wa spishi. Nimejibu swali la #23 kuhusu udhibiti. Lakini nakubaliana nawe kwamba wapo wanaolitumia hivyo, na hawapaswi.

#27 Mwembe Dodo (Mkuranga)

Wanajukwaa, nimejifunza mengi. Nimeshawishika na #10 kwamba ushahidi wa umoja ni mpana, na nimeshawishika na #13 kwamba utengano mchanga unaweza kufichika. Kinachonikera bado ni kwamba mabadiliko haya yaliwafikia wasafirishaji na wakaguzi kabla ya kuwafikia walimu wa vyuo vya kilimo. Mdogo wangu amemaliza chuo hivi karibuni, na daftari lake lina *invadens* vilevile kama langu. Anapotafuta machapisho mapya kwa jina hilo hapati karibu chochote cha miaka ya karibuni, na anadhani utafiti umesimama, kumbe umeendelea chini ya jina jingine.

Nauliza jambo la mwisho kwa upande wangu: mtu anayeandika mwongozo wa Kiswahili leo aandike nini?

#28 Mkaguzi wa Mimea (Mombasa)

Aandike *Bactrocera dorsalis*, na mara ya kwanza anapolitaja aongeze kwamba katika machapisho ya 2005 hadi 2015 aliitwa *invadens*. Hivyo msomaji atapata tafiti zote. Kila rekodi ya mtego iwe na mahali, mwinuko, tarehe na aina ya chambo.

#29 Mlinzi wa Vielelezo (Mombasa)

Nakubaliana na #28 juu ya rekodi, na ninaongeza jambo moja ambalo kwangu ni zito kuliko jina: vielelezo vyenyewe vihifadhiwe. Waliogawanya *rosa* waliweza kufanya hivyo kwa sababu kulikuwa na nzi waliotunzwa, wenye lebo za mahali na tarehe, ambao wangeweza kuchunguzwa upya miguu yao na vinasaba vyao. Mitego yetu mingi humwagwa baada ya kuhesabiwa. Weka angalau madume kadhaa wa kila kituo katika alkoholi kali, na penseli ndiyo iandike lebo, kwa sababu wino wa kalamu huyeyuka.

#30 Nyanda za Juu (Lushoto)

Kwa hilo mimi na wenzangu wa huku tuko tayari. Tunao nzi wa pea na mapichi kutoka mashamba ya juu na ya chini, na kwa maelezo ya miguu niliyoyataja #15 ninaamini wa juu ni *quilicii*. Katika kituo kimoja cha katikati, madume wa sura zote mbili wanaingia mtego mmoja. Darubini, kwa kipimo chako cha #10, kama wanakutana hapo na hawachanganyiki, hilo litakuwa na uzito gani?

#31 Darubini (Arusha)

Uzito mkubwa sana, kuliko vizimba vyote. Spishi mbili zinazokutana porini na kubaki mbili zimejipima zenyewe. Lakini miguu pekee haitatosha, kwa sababu dume chotara anaweza kuwa na mguu wa upande mmoja. Hifadhi kila mmoja katika kichupa chake, usiwachanganye.

#32 Mlinzi wa Vielelezo (Mombasa)

Na ukikuta mguu ulio katikati ya aina hizo mbili, usimtupe kwa kudhani ameharibika. Huyo ndiye tutakayebishana juu yake.